Kompyuta ya Mjane wa Madungu

Enzi hizo nilikuwa fundi kompyuta Chake Chake, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko chumba nilichopanga. Kompyuta ikikataa kuwaka, dawa yangu ilikuwa moja tu: kupiga windows mpya, yaani kufuta diski yote na kuipakia programu upya. Ikishawaka, mwenyewe anafurahi, nami nasifiwa.

Siku moja mzee mmoja wa Madungu aliniletea kompyuta ya shemeji yake, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyefariki wiki tatu nyuma.

"Dada'angu yumo edani," akaniambia. "Ataka iwake tu."

Fundi mwenye akili angeuliza ndani mna nini. Mimi nikajisemea kuwa mjane aliye edani hasumbuliwi kwa maswali na mwanamume wa nje, ni utovu wa adabu. Adabu gani! Ndugu yake alikuwa amesimama mbele yangu, angeweza kwenda kuniulizia na kurudi kabla chai yangu haijapoa. Ulikuwa uvivu, nikauvisha kanzu.

Nikapiga windows, ikawaka, nikaipeleka mwenyewe ili nisikie sifa zangu kwa masikio yangu. Nilikaa ukumbini na yule mzee. Bibi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niwekee sauti yake nisikie. Kila Ramadhani akisoma, akirekodi mumo. Juzuu zote zimo."

Nilifungua faili moja baada ya jingine, nami najua hamna kitu. Kompyuta kutowaka si kupotea kwa vilivyomo. Ningeitoa diski, nikaiunga kwa waya kwenye mashine nyingine, nikahamisha sauti zote kwanza. Waya wenyewe nilikuwa nao dukani. Nilizifuta mimi, kwa mkono wangu, huku napiga mluzi.

"Hazimo, Bi," nikasema. "Diski ilikuwa imeshakufa."

Bibi akasogea karibu na pazia.

"Siku walipomleta kutoka hospitali, miye n'liuchomoa waya kwa pupa, tupate nafasi ya kumlaza. Nayo ilikuwa yawaka. Ndiko kulikoiua?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Kuchomoa waya kuliizuia kuwaka, lakini sauti zilibaki salama mpaka nilipozifikia mimi. Yule mzee alikuwa ananitazama, na nilikuwa nataka watu wa Madungu waendelee kuniita fundi.

"Huenda, Bi," nikajibu.

Akaanza kulia taratibu. Nilimsikia akimwomba radhi mumewe, kama mtu anayezungumza na aliye kitandani karibu naye. Nikainuka niage.

"Weye huna kosa, mwanangu," akasema. "Kosa langu miye. Mngu akubariki kwa kujitahidi."

Nikaitikia amina. Bibi huyo alifariki mwaka jana akiamini hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.