Kitambaa Chekundu cha Kulusum

Watoto wa Susana, jirani yake Kulusum, wakimwona anakwenda kuteka maji, walitingisha mabega na kucheka. "Mchezaji wa ndege huyo!" Kisa video moja.

Miaka tisa Kulusum amelinda kiwanja cha ndege cha nyasi huko Kuluba, nje ya mji wa Koboko. Kazi yake ina mpango wake. Ndege ndogo ikitoka Arua lazima ipite juu kwanza, isishuke. Yeye anafukuza mbuzi, anatembea kiwanja mpaka mwisho, halafu anapandisha kitambaa cheupe. Akipandisha chekundu, ndege inangoja hewani. Miaka yote hiyo hajagongwa hata kuku.

Jumanne moja Kapteni Alionzi hakupita juu. Alikuja moja kwa moja, mbuzi wamejaa kiwanjani. Kulusum alikimbia na kitambaa chekundu, akakipunga kwa mikono miwili, akaruka, akapiga kelele mpaka mtandio ukaanguka. Ndege ikatua hivyo hivyo, ikaua mbuzi, gurudumu la mbele likapinda. Watu wa ndani walitoka wazima.

Siku mbili baadaye video ikaingia kwenye simu za watu. Kapteni alikuwa amefunga kamera ndogo ndani ya ndege, nyuma ya kiti chake. Sauti zote zilikuwa zimefutwa, pamewekwa muziki. Kupitia kioo Kulusum anaonekana kwa mbali anarukaruka, rangi ya kitambaa haijulikani, na chini pameandikwa: "Mlinzi anacheza, mbuzi wanatembea."

Mzee Acidri, mwenyekiti wa kamati ya kiwanja, akamwita.

"Mama, mambo iko mbaya. Ijumaa ya wiki ijayo kamati inakaa. Utarudisha funguo ya stoo."

"Mimi nilikuwa nacheza?"

"Nasema kile nimeona na macho."

"Na masikio, Mzee, umeweka wapi?"

Alilisema kwa hasira tu, lakini njiani neno hilo likamrudia. Masikio. Ndani ya ndege kapteni na abiria wanaongea kwa hedifoni za masikioni. Na Abdunoor, kijana wa mtaa wa Awindiri mjini Arua anayepiga video za harusi, alijisifu mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyemtengenezea kapteni waya wa kuchukua maneno ya hedifoni na kuyaingiza kwenye kamera.

Kesho yake Kulusum alikuwa mlangoni kwake Arua.

"Ile video umetengeneza wewe?"

Abdunoor akaangalia chini. "Niliweka muziki tu, Mama. Alisema niweke."

"Na maneno yao?"

"Yako kwenye kompyuta. Lakini kapteni ni mteja yangu."

"Na mimi ni nani? Ngoma yako? Mama yako akichekwa barabarani hivi, utaongea habari ya mteja?"

Kijana akafungua kompyuta. Injini ikanguruma, na katikati yake sauti ya abiria ikatoka safi: "Kapteni, yule mama iko na kitu nyekundu."

"Anatusalimia. Huyo anapenda ndege sana."

"Si tunazunguka kwanza?"

"Tumechelewa. Tunashuka tu."

Kulusum akamwambia arudie. Akarudia. "Anatusalimia!" akasema Kulusum. Tangu lini mtu anasalimia kwa chekundu? Alikiona, akajua, kisha akamtupia yeye damu ya mbuzi!

Ijumaa ya kikao Abdunoor alikuja na spika yake ya harusi, akaiweka mezani mbele ya kamati, na maneno yakasikika mpaka nje. Kapteni Alionzi, aliyeitwa naye kikaoni, akakuna shingo.

"Mama, ilikuwa mchezo tu. Tusameheane."

"Funguo inabaki kwako," Mzee Acidri akasema haraka. "Basi, mpe mkono."

Mkono wa Kulusum ulibaki ndani ya leso. "Mkono wangu ameshauona, akasema nacheza. Atoe muziki. Aweke maneno yake palepale alipoweka video ya kwanza, watu walewale wasikie. Halafu ndiyo aniombe mkono."

Video yenye maneno ilitoka Jumapili.

Jumanne ndege ikapita juu. Kulusum akafukuza mbuzi, akaanza kutembea kiwanja kwa hatua zake za kila siku, akiangalia kila shimo. Ndege ikazunguka mara moja, ikazunguka tena. Watoto wa Susana walikuwa wamesimama pembeni, mabega yametulia.

"Mama," mkubwa wao akaita, "pandisha cheupe, wanangoja!"

"Wangoje," Kulusum akasema, akaendelea mpaka mwisho.