Thongbai Mfua Jezi na Nadhiri Isiyo na Jina

Thongbai hajawahi kuona goli likifungwa. Mwanamke huyu amefua jezi za klabu ya Nong Kradon tangu siku ya kwanza klabu ilipokuwa na jezi, anajua nani anatokwa jasho la chumvi na nani anafuta pua kwa mkono wa kushoto, lakini mechi yenyewe haitazami. Moyo wake haustahimili. Mpira ukianza, anajifungia kwenye chumba cha kufulia chini ya jukwaa na kusikiliza ngoma yangu. Mimi naitwa Uan, maana yake Bonge, na mtu akiniona haulizi kwa nini. Ndimi mpiga ngoma wa mashabiki. Nikipiga kwa haraka, Thongbai anajua tunashambulia. Nikinyamaza, anashika ukuta.

Klabu ilianza na walimu na polisi wa wilaya, waliokuwa wakitambiana kwa mpira kila mavuno yakiisha, kwenye shamba la mpunga lililokauka. Siku moja wakaacha kutambiana, wakaungana na kuingia ligi, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba hawana hata fulana zinazofanana. Thongbai alikuwa fundi cherehani sokoni. Akawashonea. Akachagua rangi ya udongo mwekundu, maana, alisema, "Matope hayataonekana, na mfuaji ni mimi." Watu wa mikoa mingine walipotuona walikufa kwa kicheko: tazameni nyati hao, wametoka kugaagaa! Basi tukajiita Nyati. Nembo aliichora mumewe, Sawaeng, kwa mkaa, na ikatoka mbuzi mnene mwenye pembe ndefu. Mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tukapanda daraja, tukapanda tena, mpaka ligi ya pili kwa ukubwa nchini. Ligi ilipotaka kila klabu iwe kampuni, mkandarasi wa barabara aitwaye Wirot akaweka sahihi yake na kuwa bosi. Tulimpigia makofi. Nayakumbuka makofi hayo na mikono inaniwasha.

Sasa, nyuma ya goli la kaskazini kuna kijumba cha Babu wa Bwawa. Yeye ndiye mzimu mwenye eneo. Alikuwapo kabla ya uwanja na kabla ya shamba. Wachezaji humpelekea soda nyekundu na mayai ya kuchemsha, na mwenye shida kubwa humwekea nadhiri. Nadhiri ina utaratibu wake, na hapa kwetu kila mtoto anaujua. Unataja jina lako, unataja unachoomba, unataja utakachotoa, na hutoi kisicho chako. Dereva wa basi letu aliahidi kunyoa kipara tukipanda daraja, tukapanda, akanyoa, na ikabainika ana kichwa kibaya sana. Lakini alilala usingizi wake, kwa sababu alijua alichoahidi.

Msimu ule tulikuwa tunashuka. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu, na sare tulikuwa nayo mkononi, mpaka beki wetu mmoja, Mungu amsamehe maana mimi sijaweza, akaudaka mpira kwa mkono ndani ya eneo la hatari. Penalti. Nikaacha kupiga ngoma. Uwanja mzima ukanyamaza.

Mpigaji akapiga. Mpira ukagonga mwamba ukaenda zake nje, na muda si mrefu filimbi ya mwisho ikalia. Tumebaki! Watu walivamia uwanja, wazee wanabusiana na polisi. Mimi nikashuka mbio kwenda kumwambia Thongbai.

Nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya jezi chafu, uso hauna damu.

"Tumebaki, dada!" nikapiga kelele. "Inuka! Tumebaki!"

"Najua," akasema. "Uan, nimefanya ujinga."

"Ujinga gani? Leo hakuna ujinga."

"Uliponyamaza niliogopa. Nikageukia upande wa Babu, nikamwambia awaokoe. Nikamwambia, chukua utakacho."

"Halafu?"

"Basi. Hivyo tu. Chukua utakacho."

Na mimi nikakaa chini. "Hukutaja mayai?"

"Sikutaja."

"Hata kichwa cha nguruwe? Wacheza ngoma?"

"Hakukuwa na nafasi, Uan! Mtu ameshaweka mpira chini!"

Nilimfokea. Sijivunii, lakini nilimfokea kweli, kwa sababu hofu kwangu hutoka kwa mdomo. Nilimwambia hata mlevi hawezi kuweka nadhiri ya namna hiyo, amempa Babu ufunguo wa nyumba na kumwambia ingia ujichagulie. Juu yetu watu walikuwa wanacheza mpaka vumbi linadondoka kwenye maji ya kufulia. Thongbai akaniuliza kwa sauti ndogo, "Atachukua nini?"

Kusema kweli, mwenyewe niliogopa.

Kuanzia siku hiyo hofu ilihamia kwake na vyombo vyake. Kesho yake alipeleka mayai, kapu zima. Akapeleka kichwa cha nguruwe. Akaleta wacheza ngoma wawili, wakacheza mbele ya kijumba jua kali, naye amepiga magoti. Akanyoa nywele zote. Lakini hayo yote alikuwa anayatoa yeye, na Babu aliambiwa ajichukulie. Utajuaje kama amekubali? Mayai hayasemi.

Sawaeng ni mgema. Tangu ujana anapanda mivumo, miti mirefu kama minazi, na kushuka na vibuyu vya utomvu wa sukari, na hajawahi kuteleza. Thongbai akamficha kamba. Alipotafuta kamba nyingine, akamficha na ngazi.

"Mke wangu ameingiwa na nini?" Sawaeng akaniuliza. "Nikikohoa analia. Jana nimeamka nikamkuta amenitegea sikio puani."

"Anakupenda," nikasema.

"Hajawahi kunipenda hivi."

Kisha mbwa wao akafa. Alikuwa mbwa mzee, kipofu wa jicho moja, kifo chake kilikuwa kimechelewa. Nilimkuta Thongbai ananing'iniza shada la maua kwenye kijumba, machozi yanamtoka na anacheka. "Amechukua mbwa, Uan! Nilimpenda sana yule mbwa!" Lakini siku chache baadaye aliniuliza kama nadhani Babu anaweza kutosheka na mbwa kipofu kwa kubakiza klabu nzima. Nilisema anaweza. Alinitazama akajua naongopa.

Hofu kubwa kuliko zote hakuitaja kwa mdomo. Binti yao wa pekee, Orathai, alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana msimu ulipokuwa unaisha. Kila lilivyokua, Thongbai alikonda. Alimkataza binti kupita karibu na uwanja. Alimkataza kuvaa jezi. Akipika wali wa kunata anamwangalia Orathai anavyotafuna, asije akapaliwa. Mimi nilikuwa nakwenda kula kwao na chakula hakishuki, maana na mimi nilikuwa namwangalia.

Siku Orathai aliposhikwa na uchungu, mvua ilikuwa imeanza asubuhi. Na asubuhi hiyohiyo bosi Wirot aliita watu kwenye geti la uwanja na kutusomea kwamba klabu imeuzwa. Imenunuliwa na matajiri wa kusini, pwani huko, ambao walitaka timu ya ligi ya pili na hawakuwa na subira ya kuanzia chini. Itahamia kwao. Itabadilishwa jina na rangi. Alisema inauzika kwa sababu imebaki kwenye daraja. Alisema hivyo kama mtu anayetupongeza. Tungeshuka, nani angetutaka?

Watu walilia wazi pale getini, watu wazima. Nilimwita bosi jina ambalo siwezi kuliandika hapa, na akalisikia. Halafu nikamkumbuka Thongbai, nikaenda hospitali nimelowa chapachapa.

Alikuwa peke yake kwenye benchi la korido. Sawaeng alikuwa bado shambani, hakuna aliyempata. Mtoto amekaa vibaya, daktari ameitwa, mlango umefungwa. Thongbai alipoona uso wangu ulivyo, akasimama na kushika ukuta kwa mikono miwili.

"Sawaeng," akasema. "Ameanguka."

"Hajaanguka, dada. Sawaeng ni mzima."

"Usinidanganye, Uan! Nakuona!"

"Nakuapia. Ni timu. Wirot ameuza timu. Inakwenda kusini, hairudi."

Alinitazama kama hajasikia. Midomo ilikuwa inasogea. Nilitaka kumshika nikaogopa atavunjika. Ndani ya chumba Orathai akapiga ukelele mmoja, kisha kimya, kimya kibaya, na sote wawili tukabaki tumeukodolea macho ule mlango. Sijawahi kuogopa vile, si kwa penalti wala kwa kitu chochote.

Mtoto akalia.

Muuguzi akatoka na kifurushi. "Mama yake mzima," akasema. "Huyu hapa. Tazameni, wa kike, mbaya huyo!"

Hapa kwetu mtoto mchanga hasifiwi. Sikio lisilotakiwa likisikia ni mzuri, litamtamani. Nikainama nikamwona, uso mwekundu, nywele nyingi, kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Nikasema kwa sauti ya kusikika jengo zima, "Lo! Sura gani hii ya kuchukiza! Nani atamtaka huyu?"

"Asante," Thongbai akasema. "Asante, Uan. Sema tena."

Nikasema tena. Muuguzi akacheka, akamrudisha mtoto ndani. Thongbai akaketi, akacheka pia, mkono kifuani. Kisha nikamwona kicheko kinamwacha na ile hofu inarudi usoni mwake, naijua.

"Umesema Babu amechukua timu."

"Nimesema Wirot ameuza timu."

"Ni kitu kimoja. Lakini haihesabiki." Alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Timu haikuwa yangu, Uan. Hutoi kisicho chako. Kwa hiyo bado hajachukua. Bado anakuja."

Na pale hasira zangu zote za asubuhi zikapata njia.

"Haikuwa yako?" nikasema. "Ilikuwa ya nani? Ya Wirot? Wirot alikuwa na karatasi! Rangi alichagua nani? Ule mbuzi kifuani alishona nani? Kipa alipovunjika kidole, nani alimlisha uji? Unamjua kila mtu kwa jasho lake, dada! Mimi nimepiga ngoma miaka yote hii, na nilikuwa napiga ili wewe usikie kule chini. Kama ile timu ilikuwa ya mtu, ilikuwa yako. Babu amechukua chako. Amechukua kikubwa. Amemaliza."

Nilikuwa nataka kumtoa hofu, basi. Lakini maneno yalipokwisha kutoka nilisikia nilichosema, kwamba imekwenda kweli.

 Vidole vya Thongbai vikalegea mkononi mwangu. Mabega, yaliyokuwa yamepanda masikioni tangu ile penalti, yakashuka.

"Ilikuwa yangu," akasema.

"Yako, dada."

"Na hawarudi? Hata kucheza mechi moja?"

"Hawarudi."

Akafunika uso kwa ncha ya sarongi yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kwenye chumba cha kufulia hakuwa anaogopa kitu chochote, na ndipo akaanza kuililia timu yake.