Msikilizaji wa Vitanzi na Filimbi Isiyozimika

Saa mbili na robo asubuhi, na Sikio ameshasimama, ameshakaa, ameshasimama tena. Chumba anachofanyia kazi ni kidogo kama jiko la nyumba ya kupanga. Kuta zimefunikwa kwa vipande vya godoro, dirisha limezibwa, na mezani kuna mashine ya kuchezea santuri, spika mbili na kikombe cha chai iliyopoa zamani. Kwenye spika inapiga ngoma: du-du-tiki-du. Halafu du-du-tiki-du. Halafu, kama hukukisia, du-du-tiki-du.

"Subiri," anasema, kidole juu.

Mwandishi anasubiri. Hakuna kinachobadilika.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Safi. Ndivyo inavyotakiwa."

Anainua sindano, anaisogeza ndani kidogo, anaishusha. Inaanza ngoma nyingine, na hiyo nayo haina nia ya kwenda popote. Sikio anaanza kuzunguka chumba: mlangoni, ukutani, mezani, mlangoni. Kukaa hawezi. Anasema akikaa, miguu inamlaumu.

Hii ndiyo kazi yake kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Karakana inayomwajiri inatengeneza santuri, zile sahani nyeusi za muziki ambazo wengi wetu tulidhani zilishazikwa pamoja na mashangazi waliozipenda. Hazikuzikwa. Mashabiki wa muziki wa kielektroniki wanazitafuta kama dawa, na wanazozigombea kuliko zote ni santuri za vitanzi.

Kuzieleza ni rahisi. Mfuo wa santuri ya kawaida, yaani ule mchirizi inamopita sindano, huanza ukingoni na kuzunguka ukijongea katikati, mpaka wimbo uishe. Mfuo wa kitanzi haujongei. Unazunguka mara moja, unajiuma mkia, unaanza upya. Kipande cha muziki kisichofika hata sekunde mbili kinajirudia mpaka mtu ainue sindano kwa mkono wake. Asipoinua, kitapiga mpaka umeme ukatike.

Madijei huchukua santuri mbili za namna hiyo, wakapandanisha ngoma ya hii na kinanda cha ile, na watu wakacheza mpaka viatu vikaomba radhi. Wakusanyaji wengine hawachezi wala hawapigi. Wananunua, wananusa jalada, wanaweka kabatini. Karakana hutoa mia tatu tu kwa kila toleo, na foleni ya kuzipata huanza kabla mlinzi hajafungua geti.

Lakini kabla ya mia tatu kuna sampuli, na kabla sampuli haijapita lazima mtu aisikilize, kitanzi baada ya kitanzi, kwa kuwa sahani moja hubeba vingi. Pale mwanzo na mwisho vinapoungana panaweza kuacha mlio mdogo, tak, unaorudi kila mzunguko. Au sindano inaweza kutulia kwa muda, halafu ikachoka na kuruka hadi kitanzi cha jirani.

"Usipoingoja, hutaijua tabia yake," anasema Sikio. "Sindano ni kama mgeni. Siku ya kwanza wote wana adabu."

Jina hilo la Sikio alipewa na wenzake, na limekaa. Mlinzi wa getini, alipoulizwa jina lake halisi, alifikiri kidogo, akasema, "Si Sikio huyuhuyu?"

Wengine walijaribu kazi hii. Mmoja alianza kuota ngoma. Mwingine alimgombeza mkewe nyumbani kwa kurudia maneno. Wa mwisho alitoka kwenda kula mchana na hajarudi hadi leo. Koti lake bado liko msumarini. Mwandishi wa makala haya alikaa chumbani humo kwa muda mfupi tu, akajikuta anajikuna shingo kwa mpigo. Ni kazi ya kumtoa mtu roho polepole, na Sikio imemwachia kitu kingine pia.

Habari hiyo ilianza mwaka jana, kwa kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya.

Sikio alikuwa anasikiliza sampuli, akasikia filimbi. Nyembamba, ya juu, ndani kabisa ya kitanzi cha tano. Akatoka na jibu moja: irudiwe. Fundi mkataji, mama mmoja mwenye mkono mtulivu ambaye ndiye anayechonga mifuo kwenye bamba la kwanza, akachonga upya. Filimbi ikawepo. Akachonga tena, safari hii akinuna. Filimbi ikawepo. Mkataji akaja mwenyewe chumbani, akainamia spika, akasema yeye hasikii filimbi wala zumari.

"Nikaona ananibishia," anasema Sikio. "Nikatoka nje kwa hasira, nikaenda bombani kunywa maji. Nimeinama hivi nakinga mkono, nikaisikia. Bombani! Santuri iko ndani, mlango umefungwa, na filimbi imenifuata."

Alibaki ameinama hapo, maji yakimwagika, mpaka mtu akamuuliza kama bomba limeharibika.

Siku hiyohiyo alimwendea bosi na mkataji, akasema wazi kwamba mabamba yote yalikuwa mazima na mbovu alikuwa yeye. Mkataji alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akamletea chai.

Daktari wa masikio alimpima, akamwambia hakuna cha kung'oa wala cha kuzibua. Mlio umezaliwa na miaka ya kusikiliza, uko sikio la kushoto, na hautaondoka. Akiendelea na kazi hiyo, la kulia litafuata. Apumzike. Na kwenye ukimya, ambako mlio huwa mkubwa zaidi, atafute sauti nyingine laini ya kuufunika.

Hakupumzika. Bosi, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, hafichi kwamba yeye pia ana lawama. "Nilimwambia apunguze siku. Akapunguza, halafu mimi mwenyewe nikamwita. Sina mwingine," anasema, kisha anaangalia pembeni.

Sikio akabuni njia ya kuendelea. Akisikia filimbi, anaweka kidole ukingoni mwa santuri na kuibana kidogo ipunguze mwendo. Ngoma inalegea, sauti zote zinashuka na kuwa nzito. Filimbi ikishuka nazo, ni ya santuri, na bamba linarudi kwa mkataji. Isiposhuka, ni yake.

"Nabana, dunia nzima inapunguza mwendo," anasema, "yenyewe iko palepale. Haijali."

Anacheka, lakini mguu wake hautulii chini ya meza.

Nyumbani, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mke wake ni fundi cherehani. Cherehani chake cha miguu kiko sebuleni, hatua chache kutoka kitandani, na kwa mwaka mzima wanandoa hao wamekuwa wakizozana juu yake.

"Kila jioni nikitaka kufunika cherehani, utamsikia: endelea kidogo, mama watoto," anasema mkewe, vifungo viwili vikiwa mdomoni. "Mgongo unaniuma, naambiwa endelea kidogo. Nikasema, huyu mwanamume amekuwa mnyapara? Nguo zimeisha, anaenda kuniletea shuka lake lisilo na tatizo, eti lipigwe pindo."

Alijua habari za filimbi, aliambiwa. Lakini kuambiwa ni kuambiwa. "Mimi nilifikiri ni kamlio kale ka kawaida, kama mtu aliyeingiwa na maji. Nilimwambia miaka yote apunguze sauti ya zile spika. Sikio la kufa halisikii dawa. Sasa yakimfika ndiyo aninyime usingizi mimi?"

Usiku, anasema, mumewe huinuka na kuzunguka nyumba. Ukimuuliza una nini, anajibu hana kitu. Mkewe alianza kuwaza mengine, yale ambayo mke huwaza. Mwezi uliopita alimwambia dada yake kwamba amechoka, na kwamba anafikiria kuhamia kwake na cherehani chake.

Sikio alilijua hilo. Ndilo lililokuwa likimzungusha chumbani siku ambayo mwandishi alimkuta.

"Nitamwelezaje?" anauliza. "Wahenga wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunalala kitanda kimoja, na bado kunguni wangu yeye hawajui."

Jibu lililetwa na shabiki, siku chache baadaye.

Kijana huyo anajulikana karakana nzima kwa jina la Kofia, kwa kuwa huvaa kofia ya sufu hata jua likiwa kali namna gani. Anakusanya santuri za vitanzi tangu akiwa shuleni na sasa anatunga vyake. Alikuja kusikiliza sampuli yake, akamkuta Sikio amebana santuri kwa kidole.

"Shikamoo mzee wangu. Unaiumiza."

"Marahaba. Naiuliza swali."

Akaelezwa. Kofia si mtu wa kutulia pia. Kabla maelezo hayajaisha alishafungua begi na kutoa mashine yake ndogo yenye vitufe na virungu vya kuzungusha. Akatoa mlio mmoja mwembamba, akawa anaupandisha taratibu. Sikio alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho kayafumba. "Juu. Juu kidogo. Umepita, rudi. Weka na mkwaruzo kidogo kwa chini, kama mchanga. Hapo. Hapohapo!"

Akakaa. Mtu asiyekaa, akakaa. Machozi yakamtoka mbele ya kijana wa watu, kwa sababu kwa mara ya kwanza kitu kile kilikuwa nje ya kichwa chake, na mtu mwingine alikuwa amekunja uso kwa kukisikia.

Kofia alitaka kukiingiza kwenye toleo lake papo hapo. "Mzee, kitanzi cha mlio wa msikilizaji mwenyewe! Watu watavunja geti."

"Wavunje geti kwa maradhi yangu?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Najua. Lakini hii haiuzwi."

Ikachongwa moja tu. Mkataji aliifanya baada ya kazi, kwenye bamba laini lisilodumu, ambalo sindano hulichakaza baada ya kulichezea mara chache. Upande mmoja, kitanzi kimoja. Kwenye kibandiko hakukuandikwa kitu.

Jioni ya siku hiyo Sikio anaibeba kwapani, imefungwa kwa gazeti, na anamwomba mwandishi aongozane naye. Anasema anataka shahidi, lakini njiani anatembea kasi kiasi kwamba shahidi anabaki nyuma.

Nyumbani jua halijazama. Mkewe anamalizia sare ya shule. Sikio anaweka mashine ya santuri kwenye ukingo wa meza ya kukatia nguo, anasukuma mikasi na chaki, anachomeka waya.

"Nini tena hicho? Kazi umeihamishia huku?"

"Sikiliza tu, mama watoto. Nakuomba."

Anashusha sindano. Filimbi inatoka, kali, nyembamba, ikiwa na kitu kama mchanga chini yake. Mkewe anakunja uso. Anangoja wimbo uanze. Anamtazama mumewe, anamtazama mwandishi, anatazama santuri inayozunguka bila kwenda popote.

"Wimbo wenyewe uko wapi?"

"Ndiyo huo."

Anavumilia. Anashika sikio lake. Anasogea dirishani, na filimbi inapungua, anarudi, inaongezeka. Halafu uso wake unabadilika, na kila aliyemo chumbani anaona kwamba ameelewa. Ananyoosha mkono haraka, anainua sindano. Nyumba inanyamaza.

"Hivi," anasema. "Hivi ndivyo?"

"Hivyo."

"Mchana na usiku?"

"Usiku zaidi. Kukiwa kimya."

"Sasa mimi nimeinua sindano." "Wewe unainua nini?"

Sikio anageuka. Anatazama cherehani, kisha anatazama chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Mkewe anafuata macho yake. Zile jioni zote za endelea kidogo, lile shuka lililopigwa pindo bila sababu, zinamrudia kwa pamoja, na anajipiga paja.

"Jamani! Si ungesema, baba watoto? Mwaka mzima nakutukana moyoni!"

"Nilikwambia kuna mlio."

"Uliniambia. Hukunisikilizisha."

Wakacheka, kila mmoja akijifuta macho kwa upande wake, na mwandishi akapata kazi ya ghafla ya kufunga kamba za viatu.

Mke ndiye aliyetoa uamuzi, na haukuwa na rufaa: mwisho wa mwezi huu Sikio anatoka kwenye chumba kile. Bosi amepigiwa simu palepale, na ameahidi kazi hiyo sasa itagawanywa kwa watu watatu, kwa zamu fupi. Sikio mwenyewe atafungua meza ya kutengeneza mashine za santuri palepale sebuleni, kwani mashabiki wanazo nyingi na mafundi ni wa kutafuta kwa tochi. Kofia, aliyepigiwa naye, ameahidi mbili, zote mbovu, akidai ni za kuanzia baraka.

"Kutengeneza ni kwa mikono na macho," anasema Sikio. "Masikio yatakaa likizo. Na kuna kitu nakitaka sana. Nataka kusikiliza wimbo ulio na mwanzo na mwisho, nikae kitini mpaka uishe. Miaka kumi na minne sijamaliza hata mmoja."

Anasema hayo akiwa amesimama, akizunguka meza. Giza linaanza kuingia na barabara inatulia. Anakaza taya kidogo, namna ambayo mwandishi ameshajifunza maana yake.

Mkewe anaiona pia. Sare imekwisha, ameikunja na kuiweka kando, na hakuna nguo nyingine ya kushona. Anavuta kiti, anakaa kwenye cherehani, anaweka miguu kwenye pedali. Gurudumu linazunguka, na nyumba inajaa ule mlio wa taratibu wa kazi. Chini ya sindano hakuna kitambaa.

Sikio anavuta kigoda karibu yake, anakaa.