Mifupa ya Mama kwenye Uwanja wa Mbwa

Mbwa wetu alipatikana kwa sababu mama hakuamini hata kidogo kwamba ninaweza kufaulu hisabati. Nilikuwa darasa la nane, nimeleta nyumbani IG, ambayo ni sifuri iliyovalishwa suti. Jumapili ile mama akasimama wakati wa shuhuda, akashika maikrofoni na kusema, “Bwana akimusaidia huyu mutoto apate VG, nitamupa kitu chochote ataniomba.” Kanisa zima likaitikia amina. Wengine waliitikia huku wakicheka, niliwaona.

Mwezi wa sita nikapata VG, yaani vizuri sana. Usiniulize. Hata mwalimu alinitangazia kwa uso wa mtu anayekabidhi mtoto kwa mzazi asiye wake.

“Omba,” mama alisema.

“Naomba mbwa.”

Alinitazama kana kwamba nimeomba mamba tumfugie bafuni.

“Omba telefone.”

“Telefone ninayo.”

“Omba ingine, ya kupiga picha.”

“Mama, ulisema chochote. Kanisa lilisikia.”

Ahadi ya kanisani haina mlango wa nyuma. Vuli ilipoingia tukaenda Spånga, hapa hapa Stockholm, kwa mama mmoja wa Kiswidi mwenye nyumba ya bustani, tukarudi kwetu Husby na kitu chenye masikio makubwa kuliko uso wake, kitu kilichoenea chote ndani ya kofia yangu ya baridi. Mama wa hicho kitu alikuwa chihuahua, vile vijibwa vya kubebwa mkobani. Tulipouliza kuhusu baba, yule mama wa Kiswidi alitazama pembeni akatukaribisha biskuti.

Mama alimwita imbwa, kama wanavyosema kwao Bukavu, Kongo, na hakumgusa. Wala hakusema naye moja kwa moja. Akitaka kupita alituma ujumbe kupitia kwangu: “Mwambie atoke kwa mulango, nachelewa kazi.” Mama huhudumia wazee majumbani kwao. Nimesikia amewahi kumwinua peke yake mzee aliyekwama bafuni, mzee mnene kama friji. Lakini kile kijibwa alikipita amejibana ukutani, mkoba kifuani.

Sasa, shida. Mbwa wetu alikuwa mwoga kupindukia. Aliogopa lifti, aliogopa mashine za kufulia, aliogopa watoto wa ngazi yetu, nao walimwogopa yeye, wakawa wanakimbizana kwa zamu. Zaidi ya yote aliogopa mbwa. Akimwona mbwa upande wa pili wa majani alilala chali na kujikojolea. Na tukimwacha peke yake nyumbani alilia, kilio cha mjane aliyechelewa kufika msibani, mpaka jirani wa chini akapanda kutupa pole. Alidhani tumefiwa kweli. Alipojua ni mbwa, pole ikageuka kuwa maneno mengine.

Mama akampigia simu yule mama wa Spånga. Waliongea Kiswidi, kile cha mama cha kazini, cha upole kama uji wa mgonjwa. Alipokata simu alinisomea hukumu.

“Anasema inapaswa ajue imbwa wenzake. Kuna pahali pao, wanawafungulia kamba, wanacheza. Bon. Jumamosi tunamupeleka. Akiogopa tena, Jumapili kisha ibada anarudi Spånga. Yule mama amekubali kumupokea.”

“Tunampeleka? Nani na nani?”

“Mimi na weye. Utapeleka mugeni kwa batu bila mukubwa wa kumutambulisha?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu lile neno Jumapili likanifikia, likiwa limechelewa kidogo kama treni ya Upplands Väsby, na kicheko kikaisha chenyewe. Yule mjinga alikuwa ameshazoea kulala shingoni mwangu kama skafu. Nilikuwa nimeshamfundisha kukaa. Ukihesabu na mara alizokaa kwa bahati.

Jumamosi niliamshwa na harufu ya nyama. Mifupa ya ng'ombe, ile minono ya kutoka buchani pale centrum, kwenye maduka, inachemka na vitunguu saumu, dirisha la jikoni limejaa mvuke. Nikachukua bakuli. Mama akanipiga mkono kwa mwiko.

“Si yako. Ni ya kule.”

“Kule wapi?”

“Kwa imbwa. Tutaingia kwa batu mikono mitupu, kama wezi?”

Ungekuwa unamjua mama, usingeniuliza kwa nini sikumzuia. Alivaa kitenge chake cha Jumapili chini ya koti, akajifunga kilemba, akajipulizia manukato. Mifupa akaipakia kwenye boksi la aiskrimu, lile kubwa la plastiki ambalo kila nyumba ya Waafrika hapa Stockholm inalo, na halijawahi kukutwa na aiskrimu. Mimi nilibeba mbwa ndani ya jaketi. Moyo wake ulikuwa unapiga kama simu iliyowekwa mtetemo.

Uwanja wenyewe uko nje ya majengo, kuelekea uwanda wa Järvafältet: uzio wa waya, geti la kwanza, geti la pili, tope, benchi moja. Ndani walisimama watu wapatao sita, kila mmoja na mita zake, mikono mifukoni, wanatazama mbwa. Nilijua wanakuja kila siku. Lakini ungewaona ungedhani wameshushwa na helikopta dakika ileile na hawajaambiwa kwa nini.

Mama akaanza upande wa kulia, akaenda kushoto. Alimpa kila mtu mkono, akataja jina lake lote, la kwake na la marehemu baba yake. Mwanamke mmoja mwenye kofia nyekundu ya kufuma aliupokea mkono kama anapokea samaki. Akajibu kwa jina la mbwa wake, umri wa mbwa wake, na kwamba amehasiwa.

Mama akanigeukia. “Mbona ananielezea mambo ya kuhasiwa? Nimemuuliza?”

“Ndivyo wanavyosalimiana, mama.”

“Na jina lake yeye?”

“Hilo huulizi.”

“Yesu.”

Nikamweka mbwa wetu chini. Basi wakaja. Kulikuwa na jibwa la kijivu lenye kimo cha ndama, kulikuwa na la kahawia lisilo na shingo, kulikuwa na kijibwa kinene kifupi kinachopumua kama mlevi. Wakamzunguka, wakampelekea pua. Yeye akatazama mbingu, akalala chali, akakojoa. Ndiyo kwanza tumefika! Mama akanitazama, na katika macho yake niliiona Spånga nzima, stesheni na kila kitu.

“Mama, mpe muda.”

“Muda gani? Ngoja. Hawajatuzoea.” Akafungua boksi.

Niseme ukweli: aligawa vizuri. Aligawa kama anavyogawa kwenye harusi, kwa macho yanayohakikisha hakuna aliyerukwa. Mfupa kwa la kijivu, mfupa kwa lile lisilo na shingo, mfupa kwa kinene. Kwa muda mfupi kila mbwa alikuwa na furaha. Nikafikiri, kumbe mama ni fundi wa mambo haya.

Ndipo mwanamume mmoja mrefu akauliza, kwa sauti iliyokabwa, kama hiyo mifupa imepikwa.

“Vizuri sana,” mama akajibu kwa fahari. “Tangu alfajiri.”

Sijawahi kuona Waswidi wakikimbia bila basi kuwa limefika. Siku hiyo niliona. Walirukia mbwa wao, wakawashika taya, wakaingiza mikono. Kofia nyekundu alipiga magoti topeni, mkono wake umezama kwenye kinene, anavuta. Mfupa mmoja ulidondoka, la kijivu na la kahawia wakaudai wote wawili, na meno yakaongea. Walipiga kelele! Watu ambao kwenye lifti hawathubutu hata kukohoa, wanapiga kelele wote kwa pamoja, na neno lililokuwa likirudi lilikuwa moja: hatari, hatari. Mwanamume mrefu aliunusa mfupa aliouokoa. “Na kitunguu saumu!” alisema, kama polisi aliyepata bunduki.

Mimi nilielewa haraka. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, na ncha hukata utumbo wa mbwa. Kitunguu saumu nacho ni kibaya kwao. Walikuwa wanaogopa, basi. Nikamgeukia mama nimweleze.

Alikuwa amesimama na boksi lake, mdomo wazi. Inabidi ujue kitu kimoja. Kwa watu wa kwetu, upande ule wa Kivu, mwenye chakula huonja kwanza, ndipo wageni wale. Watu wanaogopana sumu, ni hadithi za kila mtaa. Kwa hiyo mtu akikipokea chakula chako halafu akakitema mbele ya watu, amekuambia wewe ni muuaji. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri, na sasa watu wazima walikuwa wanaingiza vidole kooni mwa waliokula, wakipiga kelele kwa neno lililoandikwa kwenye chupa za dawa za kusafishia choo anazozitumia kazini.

“Wanasema nimewawekea sumu,” alisema polepole.

“Hapana, mama, ni kwamba mfupa ukipikwa...”

“Nimesikia. Nina masikio.”

Akatia mkono kwenye boksi. Akachagua mfupa mkubwa kuliko yote, akauinua juu ili kila mmoja auone, kama mchungaji anavyoinua mkate. Halafu akaung'ata.

Katikati ya uwanja wa mbwa. Na kilemba na manukato.

Aling'ata nyama ya pembeni, akatafuna, akameza, akaufyonza uboho kwa ule mlio wake wa nyumbani, akaugonga mfupa kiganjani ubaki mtupu, akaufyonza tena. Kelele zilikatika zote. Watu walibaki walivyo, mikono ndani ya vinywa vya mbwa. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Mchuzi ulimtiririka mama mpaka kwenye saa.

“Nzuri,” aliwaambia kwa Kiswidi. “Hakuna hatari.” Kisha, akitazama juu, kwa Kiswahili: “Mungu, unaona. Mimi si mulozi, sitii batu sumu.”

Hapo ndipo nilipowaona mbwa. Walikuwa wamekaa. Wote, makalio topeni, wamejipanga mbele ya mama, macho kwenye mfupa. Na kati ya la kijivu na kinene, amebanwa pande zote mbili, hajalala chali, hajakojoa, masikio yamesimama kama mabango, alikaa wa kwetu.

Nilitaka kupiga kelele: Mama, tazama! Lakini mwanamume mrefu alikuwa ameshafika na kulifungua geti. Alitabasamu. Alisema pengine leo ingefaa zaidi kama sisi tungeweza kufikiria kurudi nyumbani.

“Anasemaje?” mama aliuliza, ingawa alielewa.

“Anatuomba tutoke.”

“Tunafukuzwa?”

“Tunaombwa.”

“Nimekuuliza, tunafukuzwa?”

“Ndiyo, mama.”

Njiani alitembea mbele yangu. Nilijaribu. “Lakini umemwona alivyokaa na wenzake? Hakuogopa. Amefaulu, mama.”

“Nani aliangalia imbwa?” alisema, na hapo mlango wa maongezi ukafungwa kwa ufunguo.

Nyumbani aliimwaga mifupa iliyobaki kwenye boksi na supu iliyobaki sufuriani, na ile niliyoitamani asubuhi ikanipita njiani kuelekea kwenye takataka. Jioni alipompigia simu dada yake wa Upplands Väsby, nilisikia anaongea habari za baridi. Mama, ambaye husimulia hata ndoto zake! Hapo nikajua jambo ni zito.

Jumapili hakusimama kwenye shuhuda. Tuliporudi, nikachukua mfuko na kutia blanketi la mbwa, bakuli lake, na kile kiatu changu alichokuwa amekila upande mmoja, kwa sababu kingenifaa nini tena. Nilikuwa nimepanga vichekesho vya kusema mlangoni ili nisilie. Nikamtia mbwa ndani ya jaketi. Vichekesho vyote vikakataa kutoka.

Mama alitoka chumbani akivua herini.

“Unaenda wapi na imbwa?”

“Spånga. Ulisema kisha ibada.”

Alinitazama kana kwamba ni mimi niliyekula mifupa mbele ya watu.

“Na mimi nitaingia kule na nini?”

“Kule wapi?”

“Kule! Kwa wale batu! Umeona mutu anaingia pale bila imbwa? Nitasimama kwenye geti peke yangu, niseme nini, nimekuja kutazama tope?” Sauti yake ilipanda. “Wamenifukuza na boksi mukononi. Wamenitazama kama mwenye sumu. Sasa weye unapeleka imbwa Spånga, mimi nabaki na hilo jina mpaka kufa, na kila siku nawaona kwenye treni? Rudisha hicho kiatu.”

Mbwa alitoa kichwa kwenye kola ya jaketi na kumtazama.

“Jumamosi tunarudi,” mama alisema. “Nitawasalimia mumoja mumoja. Watanizoea. Wiki na wiki, mpaka yule wa kofia anitajie jina lake kwa mudomo wake.”

“Na tutapeleka nini?”

Alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Neno lenyewe alilitoa kwa sauti ndogo, kama mtu anayekubali kutoka nje bila nguo.

“Mikono mitupu,” alisema.