Mashine Kumi na Mbili kwa Kilo

Fundi mkuu mstaafu wa kiwanda cha nyuzi alikuwa amemimina kiinua mgongo chake chote kwenye hisa za kiwanda hichohicho. Mashine kumi na mbili za kusokota alizifunga mwenyewe, na kila mwaka taarifa ya kampuni ilisema zina thamani ya milioni mia tisa. Akamshawishi na mjane wa kaka yake auze kiwanja, anunue hisa.

"Hata biashara ikifa, shemeji, mashine zipo," alimwambia. "Zitauzwa, turudishiwe chetu."

Biashara ikafa kweli. Mfilisi aliyekabidhiwa kampuni akamwita fundi amtembeze mthamini, mwanamke mpole mwenye daftari kwapani. Fundi alikuja na ovaroli iliyopigwa pasi. Akawasha mashine ya nne, ikanguruma bila kukwama.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia, mzee. Ila nani ataihitaji? Vipuri vyake havitengenezwi tena. Hizi nitazipima kwa kilo."

"Kwa kilo? Kama viazi?"

"Kama chuma chakavu. Samahani."

"Na zile milioni mia tisa?"

"Hiyo ni bei ya siku ziliponunuliwa. Wakubwa wenu hawakuishusha kwenye vitabu, ndiyo maana kampuni ilionekana nzima."

Fundi akazima mashine. Alichukua kitambaa akafuta mafuta kwenye mkono wake mmoja, akasahau wa pili.

Zote kumi na mbili zilileta milioni arobaini na moja. Benki, iliyokuwa imewekewa mashine hizo rehani, ilizoa fedha hizo zote na bado ikabaki inadai. Wenye hisa, wa mwisho kwenye foleni, waliambulia barua.

Alimpelekea shemeji yake habari asubuhi, akamkuta anaanika nguo.

"Kwa hiyo kiwanja ndiyo kimekwenda."

"Kimekwenda."

"Ulijua?"

"Mashine nilizijua, shemeji. Bei sikuijua."

Mjane alibana shuka kwenye kamba, pembe moja, kisha ya pili. "Watoto usiwaambie wewe. Nitawaambia mwenyewe."

Kabla mwezi haujaisha fundi alihamia chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, akawa anatengeneza vyerehani vya watu. Shemeji yake alirudia kazi ya kufagia wodi aliyokuwa ameiacha zamani. Wanajuliana hali, na msibani hukaa benchi moja. Habari za kiwanda hakuna anayezigusa.