Chai Nyeupe ya Mwezi wa Kufunga

Mwezi ule wa Ramadani sikukaa chini. Mwili ilikaa juu ya mukeka, lakini roho ilikuwa inazunguka kiwanja. Nilifagia pale nilishafagia. Nilifungua mulango ya chumba ya binti yangu, nikafunga, nikafungua tena.

"Mama, unatafuta nini?"

"Ufagio."

"Si iko mukononi mwako?"

Binti yangu alikuwa amerudi kwangu kuzaa. Kwetu njo desturi, musichana anakuja kuzalia kwa mama yake. Lakini mimba yake ya kwanza iliharibika kule Moba, kwa bwana yake, mbele hajapanda hata boti ya kuja huku. Nilipigiwa simu tu, nikiwa naanika ndagala, nikabaki na mikono yenye kunuka samaki na simu kwenye sikio. Hii ya pili, mukwe wangu mwenyewe alimuleta mapema. Alishusha mizigo bandarini, akasimama mbele yangu bila kuniangalia macho, akasema, "Mama, nakuachia." Neno ile ilinikaa mu kifua kama mwiba ya samaki. Nakuachia.

Majuma mbele ya Ramadani tulienda santé, kituo ya afya. Mama muganga akamupima, akasema tansio, presha ya damu, inataka kupanda na moyo inakimbia. Akauliza anakunywa nini. Binti akasema chai, na kahawa asubuhi.

"Punguza yote mbili," akasema. "Iko na kafeini, ile kitu inaamsha muntu. Wewe ukikunywa, na mutoto mu tumbo anakunywa, na yeye hana nguvu ya kuitoa haraka."

Nilirudi nyumbani nikificha majani ya chai kama vile wanaficha dawa ya panya. Lakini nyumba yetu bila chai, watu wanaangaliana tu. Bwana yangu alikuwa anauliza kila saa kama kuna matanga.

Hapo njo wifi yangu akaingia. Ni dada ya bwana yangu, anavuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta vitu vya kuuza. Huyu hawezi kuuzia muntu kiberiti bila kumwambia inatibu kitu. Akatoa kopo lenye maua mu mufuko yake.

"Wifi, tupa ile takataka yako nyeusi. Hii njo chai nyeupe. Majani ya utoto kabisa, wanayachuma yangali yamejifunga. Angalia manyoya yake."

Nikaangalia. Kweli, yalikuwa na manyoya ya fedha, laini kama sikio ya mutoto wa paka.

"Kafeini haimo hata kidogo. Inasafisha damu, inateremusha tansio, inayeyusha mafuta, ngozi inakuwa kama ya mutoto muchanga."

"Na ngozi yako ulisahau kuipatia?"

"Wee! Mimi nauza, sikunywi!"

Binti yangu akacheka, na kumuona anacheka njo kulinipoteza. Nikachukua kopo.

Nilitia majani kidogo mu maji ya moto, vile wifi alisema. Maji ikabaki maji. Bwana yangu akainua kikombe, akaangalia ndani, akauliza, "Hii umesuuza kikombe, ao ni chai?" Basi nikafanya vile mama yangu alinifundisha. Nikaongeza majani. Nikaongeza makala mu mbabula, jiko yetu ya makaa. Nikatia tangawizi na mudalasini, nikaacha ichemuke, ichemuke, mpaka ikapata rangi ya asali na harufu ikafika kwa majirani. Hapo nikasema, sasa ni chai. Nikajaza terimosi, nikaiweka pembeni ya kitanda ya binti yangu.

Ramadani ikaingia, lakini yeye hakuwa anafunga. Dini inamuruhusu mwenye mimba. Kwa hiyo mimi niko na kiu, yeye iko na terimosi, na kila nikiinyanyua nasikia imekuwa nyepesi, roho yangu inatulia kidogo. Nilijiambia, hii njo kazi niliachiwa, naifanya.

Na mutoto alikuwa anacheza! Asubuhi, muchana, hana kupumzika. Wamama wa jirani walikuja kuweka mikono. "Huyu ni wa mupira." "Hapana, huyu ni wa fujo kama nkambo yake." Nkambo, bibi yake, ni mimi. Nilifurahi. Mutoto mwenye kupiga teke ni mutoto muzima, njo hesabu niliyokuwa nayo.

Lakini mama yake hakuwa analala. Macho ilimukauka. Alikuwa anashona nguo ya mutoto, na uzi ikakataa kuingia mu sindano, mikono inatetemeka. Siku moja akanishika mukono, akaweka kwenye kifua yake. "Sikia, Mama." Moyo ilikuwa inapiga kama muntu anagonga mulango usiku.

Nilisema ni woga. Muntu aliyepoteza mara moja anaogopa. Nikaswali, nikaomba, nikasoma dua juu ya maji. Na ili moyo itulie, nikamumiminia kikombe ingine.

Sasa mimi mwenyewe. Kila Ramadani, siku za kwanza, kichwa inanipasuka saa ya alasiri, nyuma ya jicho ya kushoto. Kila muntu wa kahawa anajua maumivu ile: mwili inadai kitu yake. Mwaka ule kahawa na chai nyeusi nilikuwa nimeshaacha zamani, nakunywa ile nyeupe tu, kwa futari na kwa daku. Lakini kichwa iliuma. Siku ya kwanza, ya pili, na mwezi inasonga, haiachi. Alasiri inafika, na yenyewe inafika, pale pale nyuma ya jicho. Nikikunywa chai yangu ya futari, mbele sijamaliza swala ya magaribi imekwenda. Nikasema alhamdulillahi, ilikuwa njaa.

Halafu siku moja tukapata wageni, watu wa muskiti, wakafuturu kwetu. Walimaliza terimosi mbele sijapata hata tone. Nikala tende, nikakunywa maji, uji, nikala muhogo na samaki mpaka nikashiba. Nikaswali. Kichwa ilikuwa pale. Wageni wakaenda, kichwa iko pale. Nikawasha tena mbabula, nikapika ile chai nyeupe, nikakunywa nimesimama. Muda mufupi tu, jicho ikafunguka kama muntu amenitoa kamba kichwani.

Nikabaki nimesimama na kikombe tupu. Nimeshiba, lakini iliuma. Nimekunywa maji, lakini iliuma. Basi haikuwa njaa, haikuwa kiu. Kichwa yangu ilikuwa inadai ile kitu wifi alisema haimo.

Nikaingia chumbani karibu mbio. Binti alikuwa na kikombe mukononi.

"Weka chini."

"Mama, hii ni ile haina kafeini."

"Iko nayo. Kichwa yangu inaijua."

Akaangalia kikombe, akaangalia tumbo, akakiweka chini polepole sana, kama kinaweza kupasuka.

Kesho yake hakukunywa kitu ila maji na uji. Akalalamika kichwa, na ile ikanihakikishia. Halafu akalala. Alilala asubuhi, akala kidogo, akalala tena. Nilipaswa kufurahi. Lakini nikaweka mukono kwenye tumbo, na tumbo ilikuwa kimya.

Nikatoka nje. Nikarudi. Nikaweka tena.

"Mama, mukono yako iko baridi. Niache."

"Anacheza?"

"Analala."

"Unajuaje analala?"

Akafungua macho, na nikaona na yeye ameanza kusikiliza. Tukakaa vile, wawili, tukisikiliza tumbo moja. Nilisema ndani yangu, Mungu wangu, nimemutoa mu moto nikamutia mu maji. Nikamuvalisha kitenge, nikaita moto, pikipiki ya kubeba watu, nikamwambia yule wa moto aende polepole kama amebeba mayai, na mimi nikafuata kwa moto ya pili nikimupigia kelele njia yote.

Santé, mama muganga akaweka ile pembe yake ya kusikiliza kwenye tumbo. Akahamisha. Akahamisha tena. Sikupumua. Halafu akatabasamu upande moja.

"Moyo inapiga muzuri. Na yeye alikuwa hapati usingizi. Muache alale. Lakini mulifanya vizuri kuja. Mutoto akinyamaza namna hii, musingojee, mukuje."

Akapima tansio, ilikuwa imeshuka kidogo. Nikamwambia yote, kopo, manyoya, mbabula, mpaka rangi ya asali. Akashika kichwa.

"Mama, chai nyeupe na chai nyeusi ni muti moja. Rangi haikuambii kafeini. Wakati ingine ile majani changa njo iko nayo mingi. Inategemea umetia majani kiasi gani, maji iko moto namna gani, imekaa ndani muda gani. Na wewe uliipika kama maharagi!"

"Na kusafisha damu?"

"Iko na vitu vizuri, kama chai zote. Wenye kuchunguza bado wanachunguza. Lakini dawa ya tansio, hapana. Akitamani, kikombe kidogo, majani kidogo, utoe haraka. Terimosi nzima, mwiko."

Tulifika nyumbani jua inaingia nyuma ya milima. Wifi alikuwa ametungojea mulangoni, habari ilishamufikia. Sura yake ilikuwa imeanguka.

"Wifi, na mimi waliniambia hivyo hivyo Kigoma. Mutoto iko muzima?"

"Iko muzima."

Akapumua. Halafu biashara ikamurudia. "Sasa makopo yaliyobaki nitasema nini?"

"Sema ukweli. Sema inaamsha."

"Kumbe! Nitauzia walinzi wa bandari."

Binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Adhana ikatoka. Nikafungua kwa tende na maji ya vuguvugu yenye tangawizi, bila jani hata moja, sababu nilikuwa nimeapa kama yeye hakunywi na mimi sikunywi. Bwana yangu akaangalia kikombe yake, akafunga macho, akameza.

Tulikuwa tunakula. Binti ameweka sahani juu ya tumbo, vile wenye mimba wanafanya. Nilikuwa namuangalia yeye, siangalii chakula, nainuka, nakaa, nainuka.

"Mama, kaa. Unanizungusha."

Sahani ikaruka. Kidogo tu, upande moja, mpaka kichwa ya ndagala ikaanguka juu ya kitenge. Akaangalia sahani. Mimi nikaangalia sahani. Ikaruka tena.

Nikakaa chini. Kichwa yangu iliendelea kuuma nyuma ya jicho mpaka swala ya isha, nikaiacha iume.