Kikopo Kifuani mwa Fundi Makochi

Aliyeanza ni Mama Redio, yule jirani anayesambaza mikate madukani. Alisema bombani, ndoo yake inafurika na yeye hana habari, kwamba Jumanne asubuhi amemwona Fundi Makochi akitoka mbio, mkono kifuani, hata salamu hakuitika.

"Katoka kwa mganga yule," alisema. "Kaficha dawa ya kumfunga mume, asije akaoa wa kumzalia. Mimi simo, lakini macho ninayo."

Mpaka jioni dawa ilikuwa imegeuka hirizi, na hirizi imegeuka chura mkavu.

Fundi Makochi alizipata habari kesho yake, zimeshaiva, kutoka kwa mteja aliyekuja kuulizia kochi lake. Yeye alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, misumari midogo imemjaa mdomoni, nyundo mkononi. Mwenye misumari mdomoni hawezi kujibu mtu, na ikawa heri. Aliigonga mmoja mmoja mpaka ikaisha, na mteja alikuwa ameshaondoka.

Ana miaka thelathini na mitatu, na ndoa yake inaelekea kumaliza mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza yeye na mumewe walisema bado mapema. Wa pili, mama mkwe akasema wasiwe na haraka, watoto huja wenyewe. Wa tatu, watu waliacha kusema mbele yake wakahamia nyuma. Wa nne hakuungoja uishe. Siku moja alikuwa akichana kitambaa cha kochi la nesi mmoja, mwenyewe amekaa pembeni, akamuuliza bila kumtazama, "Dada, mtu angoje mpaka lini ndipo aende hospitali?"

Nesi akajibu kama aliyeulizwa saa. "Mwaka mmoja wa kujaribu unatosha. Akivuka thelathini na tano, miezi sita. Na waende wote wawili."

Akaenda, lakini peke yake. Alitolewa damu, akapigwa picha ya mirija ya uzazi, akalazwa kwenye vitanda baridi akihesabu vigae vya dari. Kila jibu lilirudi zuri. Mwishowe daktari akafunga faili. "Wewe nimekumaliza. Sasa niletee mwenzio."

Mwenzio ni fundi umeme, mpole, mcheshi, anayependa kumtoa vipande vya sponji nywelini kila jioni. Kwa hili aligoma.

"Mimi mzima. Naumwa wapi?"

"Na mimi nilikuwa naumwa wapi?" alimjibu. "Kochi likiyumba, mume wangu, sikagui mguu mmoja nikarudi nyumbani."

Mume akacheka, kisha akanuna. Wiki ya pili ndipo akasema ukweli. Yeye na mpimaji wa maabara ya hospitali ile walicheza mpira timu moja. Ati apokee kikopo kutoka kwake, aingie chooni, na mwenzake anajua anachokwenda kufanya? Hapana. "Nitatoa hapa hapa nyumbani, wewe upeleke. Na asijue mtu."

Sharti la maabara lilikuwa kwamba kikopo kifike ndani ya saa moja, na kisipoe, kwa hiyo kikae karibu na mwili. Huo ndio mkono kifuani wa Jumanne ile. Alikimbia mpaka kituoni, basi likaja, likaganda kwenye foleni ya magari, na yeye kajikumbatia kama aliyebeba kifaranga. Alifika saa moja na dakika ishirini zimeshapita tangu atoke nyumbani. Yule mcheza mpira alitazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa.

"Imechelewa, shemeji. Nikiipima itanidanganya, nami nitawadanganya nyinyi. Leteni nyingine Jumamosi."

Alisema kwa upole, bila hata tabasamu. Shemeji! Kumbe siri yote ilikuwa imeandikwa juu ya kikopo, jina la mume na umri wake.

Jumatano jioni mumewe alimkuta akikunja vitambaa. "Mama kapiga simu. Anauliza unanilisha nini."

"Mwambie anakijua. Ndiye aliyenifundisha kupika."

"Sasa tufanye nini?"

"Jumamosi tunarudia. Na safari hii basi sipandi. Nakwenda kwa Mama Redio, ana pikipiki."

"Yule? Mtaa mzima utajua!"

"Mtaa mzima unajua mimi mchawi. Miaka yote hii naitwa tasa, na bado nashona, na bado nanenepa. Wewe utasemwa wiki moja kwamba umepimwa. Utapona."

Mume alimtoa kipande cha sponji nyuma ya sikio, akakiviringisha vidoleni kwa muda mrefu.

"Basi sema," alisema. "Ila mimi nisiwepo."

Alhamisi asubuhi Mama Redio alikuwa mbele ya mlango wake akifuta pikipiki, wanawake wawili wamesimama naye. Fundi Makochi hakungoja waondoke.

"Hujambo, jirani."

"Sijambo. Kumbe siku hizi salamu unatoa!"

"Nilichoficha kifuani Jumanne ni mbegu za mume wangu. Nilikuwa nazipeleka maabara. Mimi nimeshapimwa, niko salama. Tunatafuta mtoto, na kutafuta kwa kujificha nimechoka."

Kitambaa kilimdondoka Mama Redio kikaingia ndooni. Mwanamke mmoja alikohoa, mwingine akaanza kuvitazama viatu vyake.

"Jamani," Mama Redio alisema, sauti imeshuka. "Mimi niliona tu ulivyokimbia..."

"Na mimi nilikuona ukiniona. Sikuja kugombana." Aliweka kiganja chake chenye sugu juu ya kiti cha pikipiki, akakibonyeza kuona kama kitamfaa. "Ile ya kwanza wameikataa, foleni ilinichelewesha. Jumamosi saa moja kamili asubuhi nataka uwe mlangoni kwangu, pikipiki inanguruma, mikate itangoja. Nitapanda nyuma, mkono kifuani vilevile. Tupite vichochoroni tukwepe magari. Na kwenye matuta, jirani yangu, nakuomba, polepole."